Milioni moja na laki mbili na sitini: kisa cha VAT kwenye sare za shule, Tanga

Mapema Januari 2024, wiki ya kufungua shule, mzazi mmoja alisimama kwenye dirisha la mhasibu wa shule ya msingi ya binafsi hapa Tanga akaomba risiti ya sare. Alikuwa amelipia seti tatu za watoto wake watatu, shilingi 41,300 kila seti. Kwenye orodha ya mahitaji waliyotumiwa wazazi mwezi Desemba, pembeni ya bei hiyo paliandikwa "pamoja na VAT", yaani Kodi ya Ongezeko la Thamani. Mzazi huyu ana duka la vipuri na yeye mwenyewe amesajiliwa VAT, kwa hiyo kila mwezi tarehe 20 inamkuta ameshawasilisha ritani yake ya kodi. Akapewa nakala ya risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, ambayo mshonaji aliipa shule. Akaisoma kama anavyozisoma za dukani kwake. Juu, mahali pa VRN, yaani namba ya usajili wa VAT, hapakuwa na kitu. Chini, kwenye mstari wa kodi, 0.00. Jumla, 8,260,000.

"Sasa VAT niliyolipa mimi imeandikwa wapi?" akauliza.

Mhasibu hakuwa na jibu. Jioni ile mshonaji akapigiwa simu, na asubuhi yake akaja kwangu.

Kazi yangu ni kuwaandikia hesabu wenye biashara ndogo, wengi wao wa Ngamiani na Makorora, na wachache wa Chumbageni. Kisa hiki nakieleza kwa ruhusa ya mama mshonaji mwenyewe, na majina nimeyaacha yote. Kimenikaa moyoni kwa sababu hakikuwa na mwizi ndani yake. Kila aliyehusika alikuwa mtu mwema, na bado wazazi walitoa fedha ambazo hazikuwa na pa kwenda.

Mama anashona sare kwa zaidi ya miaka ishirini. Ana vyerehani saba kwenye chumba cha nyuma, mafundi wanne anaowalipa kwa kipande, na mauzo ya mwaka uliopita yalikuwa shilingi milioni 64. Mashine ya EFD anayo, anaitumia, na makadirio yake ya kodi hulipa kwa awamu bila kusukumwa. Aliingia akiwa na mfuko alioushona mwenyewe kwa vipande vya sketi, akauweka mezani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimeambiwa nimekula VAT ya watu. Mimi VAT nimelipa. Risiti hizi hapa."

Akazitoa. Moja ilikuwa ya duka la jumla la Kariakoo, ya kitambaa cha tetroni kilichotoka nje ya nchi. Wino ulishaanza kufifia, maana karatasi ya risiti haipendi joto, na mfuko ule ulikuwa unakaa karibu na pasi. Hata hivyo ilisomeka: jumla bila kodi 3,000,000.00, kodi asilimia 18 540,000.00, jumla pamoja na kodi 3,540,000.00. VRN ya muuzaji ilikuwepo. Kwa hiyo mama alikuwa anasema kweli. VAT alilipa, tena laki tano na arobaini. Na ukweli huo huo ndio uliomfanya aamini kwamba ana haki ya kuitoza.

Fomu iliyotoka mbali

Nilimwomba anionyeshe profoma, ile ankara ya bei aliyoipa shule kabla ya kulipwa. Ilikuwa imeandikwa na kijana wa dada yake, aliyemaliza chuo juzijuzi, anayemsaidia mama yake mdogo kazi za kompyuta. Ilikuwa nzuri kuitazama, mistari imenyooka, rangi ya samawati juu. Seti 200 kwa shilingi 35,000, jumla ndogo 7,000,000. Chini yake "VAT 18%", 1,260,000. Chini kabisa, jumla kuu 8,260,000.

Nikampigia kijana. Ana adabu, na hakuficha kitu. Alisema fomu aliipata kwenye intaneti, ikiwa tayari na mstari wa kodi kati ya jumla ndogo na jumla kuu. Alichofanya ni kufuta maneno ya Kizungu na kuandika VAT, kisha akaweka 18 kwa sababu ndiyo asilimia anayoijua.

Fomu ile ni ya Marekani, na mstari ule ni wa kodi ya mauzo ya kule. Hapa lazima nieleze kidogo, kwa sababu chanzo cha mkanganyiko wote ni hapo. Marekani haina kodi ya mauzo ya taifa. Kila jimbo hujiamulia lake, na majimbo kama Oregon, Montana, Delaware na New Hampshire hayana kabisa. Texas inatoza asilimia 6.25, na miji na wilaya zake zinaruhusiwa kuongeza hadi asilimia 2 juu yake. Ukiingia dukani Houston ukakuta shati limeandikwa dola 20, kaunta utalipa dola 21.65, kwa sababu kodi ya asilimia 8.25 inaongezwa ukifika kulipa. Bei ya kwenye rafu kwa kawaida haina kodi ndani. Na kodi ile inakusudiwa kumkuta mnunuzi wa mwisho tu. Mwenye duka anayenunua kwa jumla ili auze tena humwonyesha muuzaji wake cheti, na hatozwi.

Sisi tulikuwa na kitu kinachoitwa kodi ya mauzo pia. Wazee wa biashara wa hapa Tanga wanakumbuka. Iliondoka Julai 1998 ilipoanza VAT, kwanza kwa asilimia 20, kisha ikashushwa hadi 18 mwaka 2009. Kodi hii inatembea kwa namna nyingine. Inatozwa kila hatua: mwenye kuingiza mzigo, muuza jumla, muuza rejareja. Lakini kila aliyesajiliwa anatoa ile aliyolipa wakati wa kununua kwenye ile aliyotoza wakati wa kuuza, na kinachobaki ndicho anachopeleka TRA, Mamlaka ya Mapato. Ile ya kununulia wanaiita kodi ya manunuzi, ile ya kuuzia kodi ya mauzo, jina lile lile la kodi iliyoondoka ila maana nyingine. Na bei inayobandikwa dukani inatakiwa iwe na VAT ndani tayari, siyo ya kushtukiza kaunta.

Kwa hiyo kijana hakukosea hesabu. Asilimia 18 ya milioni 7 ni 1,260,000, hakuna ubishi. Alichokosea ni kujaza mstari ambao kwenye karatasi ya mama yake mdogo haukutakiwa kuwepo.

Swali linalotangulia asilimia

Kabla ya kuuliza kodi ni kiasi gani, uliza kwanza kama wewe ni miongoni mwa waliopewa kazi ya kuikusanya. VAT haikusanywi na kila mwenye duka. Tangu tarehe 1 Julai 2023, anayelazimika kujisajili kwa sababu ya mauzo ni yule ambaye mauzo yake ya bidhaa na huduma zinazotozwa VAT yanafika shilingi milioni 200 kwa mwaka. Kabla ya hapo kiwango kilikuwa milioni 100. Aliyesajiliwa anapewa VRN, na namba hiyo inatokea kwenye kila risiti yake. Asiyesajiliwa hana ruhusa ya kutoza VAT wala kutoa ankara inayoonyesha VAT.

Mama yuko milioni 64. Hata kiwango kile cha zamani alikuwa hajakifikia.

Wengi wanachanganya hapa, na sitawalaumu. TIN, namba ya mlipakodi, siyo VRN. Kila mfanyabiashara ana TIN. Kuwa na mashine ya EFD pia hakumaanishi umesajiliwa VAT. Mama ana mashine kwa sababu ya ukubwa wa mauzo yake, na kodi anayolipa ni ya mapato, inayokadiriwa kutokana na mauzo. Aliye kati ya milioni 11 na milioni 100 analipa asilimia 3.5 ya mauzo, ambayo kwa mama ni kama 2,240,000 kwa mwaka. Hiyo inatoka mfukoni mwake, haiandikwi pembeni ya bei ya mteja. Mashine yake imepangwa hivyo hivyo, ndiyo maana ilitoa kodi 0.00 kwenye risiti ya milioni nane. Karatasi ya kompyuta ilidai VAT, na mashine ikasema hakuna. Mashine ndiyo iliyokuwa sahihi.

"Kwa hiyo mimi ile ya Kariakoo nimeitupa?" mama akaniuliza. Swali hili ndilo zito kuliko yote, nikachukua daftari lake tukaifungua bei ya seti moja.

Kitambaa cha seti 200 ni 3,540,000, maana yake seti moja inakula 17,700. Vifungo, zipu na uzi 1,500. Fundi analipwa 7,000. Umeme, pango na usafiri vikigawanywa, 1,800. Jumla 28,000. Mama anauza 35,000, anabaki na 7,000.

Nikamwomba aitazame ile 17,700 tena. Ndani yake kuna 15,000 ya kitambaa na 2,700 ya VAT. Alipopanga bei ya 35,000 alianzia kwenye 17,700, siyo 15,000. Kwa hiyo VAT ya Kariakoo ilishaingia kwenye bei. Mzazi anayelipa 35,000 ameshamrudishia mama 2,700 yake bila mtu yeyote kuitaja. Asiyesajiliwa, VAT aliyolipa inakuwa sehemu ya gharama ya mali, kama nauli ya kuileta. Haipotei, ila haidaiwi kwa jina lake.

Mama alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Basi mwanangu nimewatoza mara mbili." Nikamwambia ndiyo, na tena zaidi ya mara mbili, kwa sababu aliyolipa yeye ni 540,000 na aliyotoza ni 1,260,000.

Asilimia 18 ya kitu gani?

Tulikubaliana afadhali twende shuleni siku hiyo hiyo kuliko kusubiri kuitwa. Mwalimu mkuu alitupokea vizuri. Mhasibu alikuwa ameshajiandaa na kalkuleta, na karatasi yenye dai la shule limepigiwa mstari mara mbili: 1,486,800.

Mama akanigeukia. Uso wake ulibadilika. Alikuwa amejipanga kwa milioni moja na laki mbili na sitini, na hapo kuna nyongeza ya 226,800 ambayo hakujua imetoka wapi.

"Tumetoa asilimia 18 ya tulicholipa," mhasibu akaeleza kwa upole. "Milioni nane na laki mbili na sitini mara 18 kwa mia."

Kosa hili nimelikuta mara nyingi kuliko kosa lingine lolote la VAT. Nimelikuta kwenye vitabu vya watu wenye elimu nzuri, na linawauma wa pande zote: anayerudishiwa, anayerudisha, anayedai kodi ya manunuzi, na mnunuzi anayetaka kujua tu serikali imechukua ngapi. Asilimia 18 huhesabiwa kwenye bei isiyo na kodi. Ukishaiongeza, bei imekuwa kubwa, na asilimia 18 ya hiyo kubwa siyo tena ile uliyoongeza.

Sikutaka kumfundisha mhasibu mbele ya mkuu wake, kwa hiyo nikamwomba afanye hesabu yeye. "Toa hiyo 1,486,800 kwenye 8,260,000, mhasibu." Akabonyeza. 6,773,200. "Gawa kwa seti 200." Akabonyeza. Kalkuleta ikaonyesha 33,866. Profoma ilikuwa mezani pale pale na bei ya seti moja, 35,000. Akaitazama kalkuleta, akaitazama profoma, akarudia kubonyeza tangu mwanzo. Ikaja 33,866 tena.

Njia ya kuitoa VAT kwenye bei ambayo imeshaibeba ni kuzidisha kwa 18 na kugawa kwa 118. Sababu yake ni nyepesi ukiifikiria kwa shilingi mia. Kitu cha 100 kikiongezwa asilimia 18 kinakuwa 118. Kati ya hizo 118, kodi ni 18. Basi kila bei yenye VAT ni 118 zilizorudiwa mara kadhaa, na katika kila 118 kuna 18 za kodi. 8,260,000 mara 18, gawa kwa 118, unapata 1,260,000 kamili. Ukitaka bei bila kodi moja kwa moja, gawa kwa 1.18: 8,260,000 kwa 1.18 ni 7,000,000. Kwa lugha ya asilimia, VAT iliyomo ndani ya bei ni kama 15.25 ya bei hiyo, siyo 18.

Namba ya kujipimia nayo ni rahisi kubeba kichwani: kitu cha 11,800 kina VAT ya 1,800. Hesabu yako ikikupa 2,124, umechukua 18 ya jumla, rudi nyuma.

Mhasibu alikata ile 1,486,800 kwa kalamu nyekundu, akaandika 1,260,000 pembeni, akatia saini. Nilimheshimu kwa hilo. Wengine wangeendelea kubishana.

Niongeze mambo mawili kwa wanunuzi, kwa kuwa nikiwa sokoni naulizwa. La kwanza, usiigawe kwa 118 jumla ya risiti nzima ya dukani ukadhani umepata VAT. Siyo kila kitu kwenye kapu kinatozwa. Mahindi, maharage, samaki wabichi, machungwa ya Muheza yaliyotoka shambani, hivyo vimesamehewa. Risiti inaonyesha kundi la kila bidhaa kwa herufi, na A ndiyo ya asilimia 18. Na ukinunua Pemba ukavuka na mzigo, kumbuka Zanzibar ina sheria yake ya VAT na kiwango chake ni 15, kwa hiyo namba ya kugawia huko ni 115.

La pili ni ile kauli ya "bila risiti elfu hamsini, ukitaka risiti ongeza asilimia kumi na nane". Inaniuma kila ninapoisikia, kwa sababu imekuwa kama utaratibu halali. Muuzaji akiwa amesajiliwa, bei aliyokutajia inatakiwa iwe imeshabeba VAT, hana cha kuongeza. Akiwa hajasajiliwa, hiyo 18 haipo kabisa, na risiti atakayokupa haitaionyesha, kama ilivyomkuta mzazi wetu. Vyovyote iwavyo, risiti haiuzwi. Tazama VRN, na ukiwa na wasiwasi, piga picha ile alama ya mraba iliyo chini ya risiti, ikupeleke kwenye tovuti ya TRA ya kuhakiki. Itakuonyesha kama risiti hiyo iko kwenye kumbukumbu zao na kwa kiasi gani.

Fedha zilizokwisha kutumika

Kujua kiasi ni jambo moja, kuwa nacho ni jingine. Fedha za shule mama alikuwa ameshazigawa: mafundi, pango la miezi mitatu, na cherehani ya ovaloki aliyokuwa ameitamani kwa muda mrefu. Milioni moja na laki mbili na sitini taslimu hakuwa nayo. Alisema hivyo mbele ya mwalimu mkuu bila kuzunguka.

Mwalimu akauliza kama mama bado anataka kazi ya wanafunzi waliochelewa kusajiliwa. Seti 60. Kwa bei ile ile ya 35,000 ni 2,100,000. Ukiondoa 1,260,000 ambayo mama anadaiwa, shule italipa 840,000. Na kwa upande wa wazazi, kila aliyelipa 41,300 atapunguziwa 6,300 kwenye ada ya muhula, kwa jina la mwanafunzi. Mzazi wa watoto watatu, 18,900. Hili la mwisho mama ndiye aliyelisisitiza. Alisema hatashona hata kola kama fedha zitabaki shuleni bila kuwafikia wenyewe.

Yakabaki makaratasi, na hapo nilikuwa mkali kidogo. Risiti ya kwanza ya 8,260,000 ilishakwenda TRA kupitia mashine, na risiti ya EFD haifutwi kwa kuichana. Ikiachwa ilivyo, mauzo ya mama yanaonekana makubwa kwa 1,260,000 kuliko yalivyo, na kwa asilimia 3.5 angelipa kodi ya mapato ya 44,100 juu ya fedha ambazo amezirudisha. Tukaandika krediti noti, yaani hati ya kupunguza kiasi kilichotozwa, ya 1,260,000 kwenda kwa shule, ikieleza kwa maneno kwamba kiasi hicho kilitozwa kimakosa kwa jina la VAT na muuzaji hajasajiliwa. Shule ikagonga muhuri. Tukaiambatanisha na profoma ya zamani, nakala ya risiti na barua ya maelezo, vikapelekwa ofisi ya kodi vikapokelewa. Mama aliogopa sana kwenda pale. Nilimwambia anayekwenda mwenyewe na karatasi zake hayuko sawa na anayefuatwa, na niliamini hivyo wakati namwambia.

Risiti ya Kariakoo tuliitoa fotokopi siku ile ile kabla haijafifia yote.

Kama angekuwa amesajiliwa

Kijana wa dada yake alikuja baadaye na swali ambalo lilinifurahisha: je, mama yake mdogo akikua hadi kusajiliwa, si ndipo atakapofaidi, kwa kuwa atadai VAT ya kitambaa? Tukakaa tukaipiga.

Akisajiliwa, kitambaa chake kinahesabika 15,000, kwa sababu 2,700 anaidai. Gharama ya seti inashuka hadi 25,300. Lakini mafundi hawana VAT, ile 7,000 ya ushonaji haimpi cha kudai, na hapo ndipo kazi ya mikono inapokuwa tofauti na duka la kununua na kuuza. Wazazi wakiendelea kulipa 35,000, ndani yake sasa kuna VAT ya 5,339. Anabaki na 29,661, akitoa 25,300 faida ni 4,361, badala ya 7,000 ya leo. Ili faida isishuke inabidi bei ipande, na shule haiwezi kuidai VAT hiyo mahali popote kwa sababu huduma ya elimu imesamehewa VAT. Itamfikia mzazi nzima nzima.

Akithubutu kuuza 35,000 kisha aongeze 18 juu yake, bei ni 41,300, ile ile ya profoma yenye kosa. Atatoza 6,300, atatoa 2,700, atapeleka TRA 3,600 kwa seti, yaani 720,000 kwa seti 200, na faida yake itapanda hadi 9,700. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini jirani yake asiyesajiliwa atakuwa anauza 35,000 hatua chache kutoka mlangoni pake.

Kijana akauliza kama basi ni bora kukaa chini ya milioni 200 daima. Nilimjibu kwamba kujizuia kukua ili kukwepa ritani ni kujinyima, na kugawa mauzo kwa majina mawili ili usionekane ni kosa la kisheria. La kufanya ni kuyafuatilia mauzo ya miezi 12 kila mwisho wa mwezi, na kuanza kuzungumza bei mpya na shule mapema, kabla namba haijafika. Kwa mama siku hiyo bado iko mbali, ila amemwomba kijana aanze kuandika jumla ya kila mwezi nyuma ya daftari.

Seti 60 zilikwenda shuleni wiki ya tatu ya Januari. Mashine ikatoa risiti ya 2,100,000. Mama akaishika, akaangalia 840,000 iliyoingia kwenye simu, akaniuliza kwa nini risiti isiandikwe kiasi alichopokea. Nikamweleza kwamba risiti inaandika mali aliyouza, na mali ni ya milioni mbili na laki moja. Ile nyingine ameilipa kwa kufuta deni. Akaikunja, akaiweka pamoja na krediti noti kwenye faili la plastiki alilonunua kwa kazi hiyo, mbali na pasi.

Profoma yake ya sasa haina jumla ndogo. Ina idadi, bei, jumla moja, na chini mstari ambao kijana ameuandika kwa herufi kubwa kuliko zilizobaki: "Bei hii ni kamili. Muuzaji hajasajiliwa VAT."